Kodi ya Nyumba na Deni la 1977

Mwenye nyumba wangu hadai kodi kama wenye nyumba wengine. Wengine wanagonga mlango, wanasema tarehe imefika, yameisha. Wa kwangu anakaa kibarazani na redio yake, anasubiri nipite. Natoa shikamoo, anaipokea vizuri tu, marahaba, halafu: "Kijana, tarehe 19 Julai 1977 ulikuwa wapi?"

Nilikuwa wapi! Siku hiyo mama yangu mwenyewe alikuwa bado anaruka kamba. Lakini Simba waliifunga Yanga 6-0, na kwa kuwa mimi ni Yanga, deni limeandikwa jina langu. Abdallah Kibadeni matatu, Jumanne Hassan "Masimenti" mawili, na moja tukajifunga wenyewe. Mzee anayahesabu kwa vidole, tena polepole, na akifika kwenye lile la kujifunga anacheka mpaka kofia inahama kichwani. Mimi nimesimama na mfuko wa mkaa, namsikiliza. Ukiwa na kodi pungufu utamkatishaje mtu hadithi?

Nikaona sitakubali kupigwa kila mwezi kwa mabao ya kabla sijazaliwa. Nikachimbua, nikamrudia na tarehe 1 Juni 1968: Yanga 5, wao sifuri. Unajua alinijibu nini?

"Hao walikuwa Sunderland. Simba imeanza 1971."

Haya. Wiki hiyohiyo yuko kwenye bao na wazee wenzake, namsikia anatamba klabu yake ni ya 1936! Mzee wangu, 1936 Simba ilikuwa wapi? Sisi tumeanza 1935, mwaka uliofuata ndio wakatokea hao wakijiita Queens, wakawa Eagles, wakawa Sunderland, mpaka hiyo 1971 ndipo wakapata jina la mnyama. Uzee wa Queens anautaka, kipigo cha Sunderland hakitaki. Mtu wa namna hii akikupa mkataba wa pango, usome mpaka nyuma ya karatasi.

Na wala si kwamba wanaishi mbali wakaoneana wivu. Wao Mtaa wa Msimbazi, sisi pale Twiga na Jangwani, kote Kariakoo. Mwambie dereva wa bajaji akutoe klabu moja akupeleke ya pili, atakuuliza kama una mguu mbovu. Ugomvi wa mitaa miwili, lakini nenda Kigoma ukamkute mtu ambaye hajawahi kufika Kariakoo hata kununua soksi: ana upande, na ana kinyongo. Ukisema huna timu ndiyo kabisa, utaambiwa umefungwa juzi unajificha. Mimi gengeni nimeacha kwenda na jezi, maana fungu la mchicha lilikuwa linakonda.

Siku ya dabi kwetu mlango wa mbele hautoki Yanga kabla yeye hajatoka. Nuksi, anasema. Basi napita uani, nazunguka choo, naruka mtaro. Sishangai sana, timu zenyewe zimeshagombea mlango wa kuingilia uwanjani kwa imani hizohizo, itakuwa mpangaji?

Ya tarehe 6 Mei 2012 siwezi kuyakana, nilikuwepo na akili zangu. Tano bila. Tano ningezivumilia, lakini golikipa wao, Juma Kaseja, aliacha lango lake, akavuka uwanja mzima kuja kutupigia penalti, akafunga! Golikipa! Oktoba 20 mwaka uliofuata tunaongoza 3-0 mapumziko, nikaenda kuagiza soda za watu wote. Mpira ukaisha 3-3. Soda nililipa.

Kwa hiyo tarehe 5 Novemba 2023, Yanga 5, Simba 1, msinilaumu. Nilioga, nikavaa jezi, nikapeleka kodi mwenyewe kabla ya tarehe. Nagonga, naambiwa mzee presha imepanda, asisumbuliwe. Jamani, nina pesa mkononi, mwenye nyumba anakimbia kodi! Nikamkabidhi mama mwenye nyumba noti tano za elfu kumi kumi, juu yake nikaweka ya elfu moja. Mama akahesabu, akasema baba, imezidi.

"Haijazidi, mama. Hiyo moja ni ya kufutia machozi."

Akaingia nayo ndani. Nikasikia redio imezimwa.

Machi 8, 2025 dabi haikuchezwa, wenzetu waliposema hawapeleki timu na mechi ikaahirishwa. Watu wametoka mikoani kwa mabasi, mzee yuko kibarazani anachekelea, eti hajafungwa. Juni 25 ikachezwa, tukashinda 2-0. Presha ikarudi.

Sasa amepona, na ametangaza ukarabati. Kodi haipandi, ila mlango wangu, dirisha langu na lile bafu la uani vinapakwa rangi nyekundu. Nimemfuata fundi rangi pembeni, nikampa ya soda, nikamwomba achanganye hata kidogo iwe kahawia. Akaiweka mfukoni, akaniangalia, akaniuliza tarehe 19 Julai 1977 nilikuwa wapi.