Mama Mkwe na Kuan Yake

Jamani, kuoa Cebu, huku Ufilipino, sijuti. Ninachojutia ni hela ya kamusi. Nimekesha miezi nikikariri Kisebuano, kumbe mama mkwe wangu anatumia neno moja tu: kuan.

Kuan ni nanihii. Hiyo hiyo nanihii niliyoikimbia Tanga! Tena ya huku inavaa viambishi utadhani kitenzi cha mtihani. Gikuan, basi jambo limeshananihiiwa. Kuana, hiyo amri, nanihii sasa hivi. Si kuan ni mtu, na mtaani kwetu akina si kuan nimewahesabu wanne, mmoja wao ananidai.

Jumamosi alfajiri mama mkwe anatengeneza kinilaw, ule samaki mbichi wanaomwivisha kwa siki bila moto. Bakuli linacheza juu ya meza yetu yenye mguu mfupi. Bila kuinua uso: "Dong, kuana ang kuan, didto sa kuan." Yaani, kijana, hebu inanihii nanihii, kule kwa nanihii. Nikamgeukia mke wangu. "Si umesikia? Shika kapu uende Carbon."

Nimesikia! Nimesikia kuan tatu!

Soko la Carbon si genge la jirani. Unapita samaki, unapita mboga, unapigwa kichwani na puso, ule wali unaopikwa ndani ya vifuko vya makuti na kutundikwa vichane vichane. Nikarudi na siki. "Dili na, Dong! Kuan!" Yaani, siyo hiyo. Nikarudi na pilipili. "Dili! Kuan!" Jasho linanitoka, samaki ananitazama.

Na usidhani ukilijua umepona. Mwezi jana niliwaambia majirani nimemsalimia mke wa fulani, kitenzi kikanipotea, nikasema gikuan nako. Kina mama wakaangua kicheko, mmoja akamwaga kahawa. Wewe jaribu kusema Tanga kwamba umemnanihii mke wa mtu, uone.

Safari ya tatu nikasimama mbele ya muuza viungo, akili imeganda. Mdomo ukajifungua wenyewe: "Naa moy kuan?" Yaani, mna nanihii?

"Ah, kuan!" Akanipimia tangawizi. Hakuuliza swali hata moja.

Nyumbani mama mkwe akaipokea, akainusa. "Mao na!" Ndiyo yenyewe.

Kamusi nimeikunja mara mbili, nimeiweka chini ya ule mguu mfupi. Meza imetulia.