Begi la Dharura Halimtoi Mtu Bondeni

Masika yakikaribia, ushauri huwa uleule: kila kaya ijiandae. Weka maji ya siku tatu, chakula kisichoharibika, tochi, redio ya betri, dawa, nakala za vyeti na fedha kidogo taslimu, vyote kwenye begi moja karibu na mlango. Orodha hii inafanana sana na ile wanayopewa wakazi wa Marekani, ambako kila mtu anatakiwa awe na takriban lita nne za maji kwa siku. Si ushauri mbaya. Ninachojiuliza ni kama unagusa kile hasa kinachoua watu katika bonde la Jangwani jijini Dar es Salaam, Mathare ya Nairobi au Katesh mkoani Manyara.

Wanaoutetea wana hoja nzito, tena hoja yao kubwa haihusu begi. Wanasema saa za kwanza za maafa hakuna serikali, kuna jirani. Katesh ni ushahidi. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuua zaidi ya watu 80. Jeshi na vikosi vya uokoaji vilifika, lakini waliotangulia kuwavuta watu kwenye tope ni wenzao wa mtaani kwa mikono na majembe. Ndivyo ilivyokuwa Bukoba pia lilipopiga tetemeko la Septemba 2016. Kaya inayojua kuzima meini swichi kabla maji hayajafika kwenye soketi, inayojua mzee wa nyumba ya pili hawezi kutembea, imeshafanya kazi ambayo hakuna ofisi itakayoifanya kwa wakati.

Sasa tulipime begi lenyewe. Maji ya watu watano kwa siku tatu, kwa hesabu hiyo ya Kimarekani, ni lita 60. Hayo ni madumu matatu. Ni nyumba gani ya Dar es Salaam isiyo na madumu matatu? Mto Ruvu ulipopungua mwishoni mwa 2022 na jiji likaingia kwenye mgao, watu walipanga ndoo, mapipa na masufuria hadi uvunguni mwa kitanda. Taa ya sola tunayo kwa sababu umeme hukatika. Jiko la mkaa tunalo kwa sababu gesi huisha katikati ya mwezi. Shida za kila siku zimetujazia nusu ya begi bila semina yoyote, na anayekuja kutufundisha kuweka akiba ya maji angeanza kwa kutuuliza tunayawekaje.

Pengo lipo kwingine, na la kwanza ni karatasi. Maji yakiingia usiku, mtu hunyanyua mtoto, kisha godoro, kisha televisheni. Vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, leseni ya makazi na kadi ya kliniki hubaki kwenye droo ya chini ya kabati. Baada ya wiki wanakuja wathamini au watu wa misaada na orodha yao, na asiye na karatasi anaanza kutafuta mashahidi. Tiba yake ni rahisi hadi inachekesha: ndoo ndogo yenye mfuniko unaobana, itundikwe juu, na picha za kila cheti zitumwe kwa ndugu aliye mkoa mwingine, maana simu nayo huloa. Ningeambiwa nichague kitu kimoja tu katika orodha nzima, ningechagua hiki na kuiacha tochi.

Pengo la pili ni kuyadharau maji. Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yakifika 60 hubeba magari mengi. Hata hivyo kila mvua kubwa utawaona vijana wenye mikokoteni wakivusha abiria kwa malipo, na abiria wanalipa wakicheka. Tena maji yale si ya mvua peke yake. Wapo wanaongoja mvua ili watapishe vyoo, na kinachopita mlangoni kwa jirani wa chini kila mtu anakijua. Kipindupindu huanzia hapo. Kwa hiyo vidonge vya kutibu maji, au nidhamu ya kuchemsha, vinastahili nafasi kwenye begi kuliko biskuti za akiba ambazo watoto watazimaliza kabla ya Aprili.

Upande wa pili unasema hivi: maneno "kila kaya ijiandae" yanageuka haraka kuwa "tuliwaambia". Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 Dar es Salaam. Waathirika walipewa viwanja Mabwepande, umbali wa kilomita zipatazo 30 kutoka katikati ya jiji, na baadhi yao walirudi bondeni. Wakaitwa wakaidi. Lakini anayeuza mboga Kariakoo kwa mtaji wa siku moja hawezi kumudu nauli ya kwenda na kurudi kila siku, na kiwanja hakikuja na wateja. Halafu tazama nani mwingine alijenga bondeni. Karakana ya mabasi ya mwendokasi iliwekwa Jangwani, na mafuriko yakawa yanaifikia mwaka baada ya mwaka, mabasi yakiharibika na Barabara ya Morogoro ikifungwa. Mradi wa umma wenye wahandisi na mikopo ukikosea mahali pa kukaa, ni vigumu kumwita mpangaji wa chumba kimoja mjinga.

Kenya ina mfano mkali zaidi. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamerundikana nyuma ya tuta la reli eneo la Old Kijabe, baada ya njia yake chini ya tuta kuziba, yalipasua na kushuka hadi Mai Mahiu yakiwakuta watu wamelala. Waliokufa ni makumi. Hapo mwenye begi na asiye na begi walikuwa sawa, na hakuna kaya ingeweza kutumwa kwenda kuzibua kalavati la reli. Miezi michache kabla ya hapo, Oktoba 2023, Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba El Niño iliyokuwa inaogopwa isingekuja tena. Novemba ikaja mvua iliyoua zaidi ya watu 100. Raia anayetakiwa kujiandaa kwa kusikiliza tahadhari naye ana haki ya kuuliza amsikilize nani.

Mimi sikubaliani kikamilifu na upande wowote, ila sikai katikati pia. Wanaoilaumu serikali wana haki juu ya mitaro, makalavati na ramani za mipango miji. Mkazi hawezi kujenga daraja la Jangwani kwa harambee. Wanaosisitiza kaya wana haki juu ya saa za kwanza. Kinachopotea kati yao ni uamuzi mmoja ambao ndio unaotenganisha hasara na msiba: kuondoka kabla maji hayajafika. Sijaona begi linalomfanya mtu aondoke.

Kuna wakati tahadhari hufanya kazi vizuri. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikitangaza siku kadhaa mapema, boti za Dar es Salaam na Unguja zikasitisha safari, na habari ikawafikia watu kabla ya upepo. Vimbunga vya namna hiyo kwetu ni nadra: Lindi wanakumbuka cha 1952, na Unguja ilipoteza sehemu kubwa ya mikarafuu yake mwaka 1872 huku Pemba ikinusurika. Jambo nadra likitangazwa, watu husikiliza.

Mvua kubwa ni habari nyingine. Tangazo huja likisema "baadhi ya maeneo ya mikoa ya Dar es Salaam, Tanga, Pwani pamoja na Kisiwa cha Mafia, Unguja na Pemba", na athari zake ni "baadhi ya makazi kuzungukwa na maji". Mkazi wa Kigogo akisoma hivyo kwa mara ya nne msimu huo, na mara tatu zilizopita jua liliwaka, analala. Siwalaumu wataalamu, wingu halitabiriki mtaa kwa mtaa siku tatu kabla. Lakini Mto Msimbazi, unaopita Kigogo na Jangwani, unaanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, na mvua ikimwagika huko, Jangwani inaweza kuwa kavu kwa muda. Muda huo mfupi ndio wenye thamani. Kundi la WhatsApp linalounganisha wajumbe wa mitaa ya juu na ya chini ya mto, lenye kanuni moja kwamba usiku simu zipigwe badala ya ujumbe kuandikwa, lingeokoa watu wengi kuliko semina za begi. Vocha yake haizidi bei ya tochi mbili.

Hata akipigiwa simu, je, ataondoka? Chumba kimoja nilichowahi kuingia Kigogo kilikuwa na kitanda juu ya matofali, friji juu ya meza ya chuma, televisheni imefungwa karibu na dari, na mlangoni kizuizi cha saruji kinachofika gotini ambacho mgeni lazima akiruke. Ukutani kulikuwa na mistari ya tope, mmoja juu ya mwingine. Huwezi kumwambia mwenye chumba kile kwamba hajajiandaa. Amejiandaa kubaki, na fedha zake zote za maandalizi zimekwenda huko, kwa sababu kuondoka kunamgharimu zaidi. Wezi hupita nyumba zilizoachwa wazi, ndiyo maana mara nyingi mama na watoto hutoka na baba hubaki kulinda vitu. Kwa ndugu kuna vyumba viwili na watu wanane. Shule ya msingi iko karibu, ila hajui ufunguo anao nani usiku.

Haya matatu, wezi, pa kufikia na ufunguo, yana dawa inayowezekana mtaani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati hadi ngazi ya chini, na kamati hiyo ingefanya kazi ya maana kwa kuandika tu nani atafikia kwa nani, nani atalinda vitu kwa zamu, na mwalimu yupi anafungua madarasa. Vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, navyo vina mfuko wa jamii unaolipa msiba na ugonjwa. Sioni kwa nini usitoe mkopo wa kuhamisha vitu wiki ya kwanza ya mvua.

Gumu linalobaki ni kodi. Mpangaji wa bondeni amelipa miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Machi akiambiwa hatari imefika, ndani ya ukuta ule ana fedha ya miezi minne ambayo hataiona tena, na chumba cha mlimani kinataka miezi mingine sita. Hili ndilo linalomrudisha kitandani juu ya matofali, na halimo kwenye kipeperushi chochote cha kujiandaa nilichosoma. Lingeweza kuingia kwenye mkataba: nyumba ikiingia maji, kodi ya miezi iliyobaki irudishwe au mpangaji ahamishiwe chumba kingine cha mwenye nyumba huyohuyo. Wenye nyumba watapinga, na wapo ambao chumba hicho kimoja ndicho pensheni yao, kwa hiyo nao wasikilizwe. Lakini mazungumzo hayo yakianza baada ya mafuriko, fedha itakuwa imeshaliwa.