Siku 109 za hukumu ya Mahakama ya Juu

Januari 31, 2025, Mahakama ya Juu ya Uganda, chini ya Jaji Mkuu Alfonse Owiny-Dollo, iliamua kwamba kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi, kwa jinsi zilivyoundwa, ni kinyume cha Katiba. Mei 20 Bunge likapitisha muswada wa kuzirudishia mamlaka hayo. Tangu hapo wengi wanasema majaji walitwanga maji kwenye kinu. Mimi sikubali.

Ni siku 109 kati ya hukumu na kura. Ndani ya siku hizo, Februari 21, mwanasiasa wa upinzani Kizza Besigye, aliyetekwa Nairobi Novemba 2024 na kushtakiwa jeshini, alifikishwa mbele ya hakimu wa kawaida pale Nakawa, Kampala, na kusomewa shtaka la uhaini. Hakuachiwa, kweli. Lakini faili lilihama, na lilihamishwa na hukumu. Linganisheni na Novemba 2005: washtakiwa wenzake katika kesi ya wakati huo walipopewa dhamana, watu wenye silaha waliovaa fulana nyeusi waliizingira Mahakama Kuu, na washtakiwa hao wakarudishwa gerezani. Safari hii serikali ilipotaka mamlaka yake yarudi, ililazimika kwenda bungeni kuyaomba mchana kweupe. Huo ni mpaka, hata kama ni mwembamba.

Serikali nayo ina hoja: majaji wenyewe waliacha upenyo kwa mazingira ya kipekee, mradi wanaosikiliza kesi wawe na elimu ya sheria na uhuru wa kuamua. Upande huo unadai sheria mpya inafuata maelekezo hayo.

Palipolegea ni bungeni. Ibara ya 92 ya Katiba inalikataza Bunge kupindua kwa sheria hukumu iliyotolewa baina ya wenye kesi, ila haizuii kubadili sheria kwa kesi zijazo. Hapo kila kitu kinategemea wabunge wenyewe, na muswada ule ulikaa mikononi mwao takriban wiki moja. Wapinzani walitoka nje. Waliobaki ni pamoja na mawaziri ambao pia ni wabunge. Na jeshi lenyewe lina viti 10 humo. Askari anapigia kura mahakama za askari!

Kama majaji wana deni, ni la muda. Mahakama ya Katiba ilishasema hayo hayo mwaka 2021. Rufaa ya serikali ikakaa hadi 2025, huku raia wakiendelea kupandishwa kizimbani mbele ya wanajeshi.