Turbo Imekufa, Nani Kaiua?

Pale kwenye diko la Deep Sea, Tanga, boti ya dagaa ikirudi inafuka moshi mweusi na haina nguvu, hukumu hutoka kabla kamba haijafungwa: turbo imekufa. Mwenye chombo anapigiwa simu, anatafuta nyingine Dar es Salaam, mpya au ya mtumba, inafungwa, boti inarudi kazini. Nyingine hudumu. Nyingine baada ya muda mfupi moshi ni ule ule, na hapo mafundi hugawanyika. Kuna wanaosema badilisha upesi, giza la mwezi, wakati wa kuvua dagaa, halimsubiri mtu. Kuna wanaosema usishike spana mpaka ujue kilichoiua ya kwanza.

Ndani ya turbo, moshi unaotoka injini huzungusha panga la upande mmoja, na shafti hiyo hiyo huzungusha panga la pili linaloshindilia hewa kwenye silinda. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905, na leo ni nadra kukuta injini kubwa ya meli isiyo na turbo. Zile ndogo za boti huweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, shafti ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Kifaa kinachotegemea oili safi, hewa safi na moshi usio na maji, vyote kutoka kwingine, mara nyingi huuawa na kitu kilicho nje yake.

Lakini wanaotaka kubadilisha hawasemi ovyo. Shafti ya turbo inahitaji kusawazishwa kwa mashine maalumu. Kuifungua chini ya mwembe, kutia beringi mpya na sili mpya za kuzuia oili, kisha kuifunga kwa kukadiria ni kujinunulia hasara. Katriji nzima, yaani moyo wa turbo wenye shafti na mapanga yake, iliyokwisha sawazishwa ni ghali, ila ndiyo kazi ya uhakika. Na panga likishagusa nyumba yake, hakuna cha kujadili: chomoa.

Tatizo ni kwamba moshi mweusi unasema jambo moja tu, kwamba hewa haitoshelezi dizeli inayoingia. Filta iliyoziba hufanya hivyo. Mpira wa hewa uliopasuka, intakula (kipoza hewa) iliyojaa magadi ya chumvi, nozeli ya dizeli inayomwaga badala ya kunyunyiza, vyote hufanya hivyo. Hata tumbo la boti lililoota mwani na magamba huilemea injini mpaka ikafuka. Moshi wa buluu nao ni oili inayoungua, na wengi hulaumu sili papo hapo, ilhali bomba la kurudisha oili likikunjika au kuziba, sili nzima kabisa itavujisha.

Uchunguzi wenyewe haumalizi asubuhi. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, vua mpira wa hewa, zungusha shafti kwa vidole, sikiliza kama inakwaruza. Ivute na kuisukuma: mwendo wa mbele na nyuma usihisike, au uhisike kwa shida. Ikicheza kidogo ubavuni usishtuke, hiyo ni nafasi ya oili; turbo nzima zimetupwa kwa sababu ya mchezo huo. Kisha tazama ncha za panga. Zikiwa zimelika, kuna uchafu uliopita kwenye filta. Upande wa moshi ukikuta kutu na chumvi nyeupe, maji ya bahari yamerudi kwa njia ya ekzosi, jambo la kawaida bomba likifungwa chini mno na boti ikalala nangani tezi, yaani nyuma ya chombo, ikipigwa na mawimbi. Funga turbo mpya hapo bila kuinua bomba, utaizika na hiyo pia.

Kuhusu kuzima, manahodha wengi wanajua kuiacha injini ipumue dakika tatu hadi tano ili oili isiungulie kwenye beringi. Wanasahau wapi inahitajika. Ukiingia bandarini polepole, imekwisha kupoa njiani. Hatari ni kukimbia kwa nguvu hadi kwenye kundi la samaki na kuzima ghafla. Na wale wanaoiacha inanguruma saa nzima bila mzigo wakidhani wanaitunza, wanaijaza masizi.

Kwa boti ya uvuvi, basi, mimi niko na wachunguzi. Boti ya abiria ya kwenda Pemba naitazama vingine. Oili ikivujia kwenye nyumba ya turbo yenye moto mkali inaweza kuwaka. Ndiyo maana kanuni za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, hutaka sehemu zinazozidi nyuzi 220 za Selsiasi kwenye meli zifunikwe. Sili ikifa vibaya, injini inaweza kunywa oili yake yenyewe na kuendelea kukimbia hata ukikata dizeli, mpaka uizibe hewa. Hapo katriji ibadilishwe kwa saa alizoweka mtengenezaji, hata kama haijatoa moshi, na mwenye chombo anayelalamikia bei apandishe nauli.