Hakuna Anayeachwa Nyuma

Kila Ijumaa jioni simu inalia, naliona tangazo la klabu yetu ya baiskeli lilelile: "Jumapili saa kumi na mbili asubuhi. Mwendo wa pole. Hakuna anayeachwa nyuma." Mwaka wa ishirini na tatu huu naambiwa hivyo, na kila Jumapili naachwa nyuma. Nimeshakubali. Huyo Hakuna ni mimi.

Hiyo pole sijui ni pole ya nani. Mwenyekiti anasema "jamani twende taratibu," kabla hajamaliza sentensi kishaingiza gia nzito na kiuno kimeinuka. Wataalamu wanasema ukijibana nyuma ya mwenzako unaokoa karibu theluthi moja ya nguvu zako, maana yeye ndiye anayekupasulia upepo. Sikatai. Ila theluthi hiyo sharti ukae karibu naye, gurudumu linusanusane na gurudumu. Ukishaachwa mita ishirini, upepo wote ni wako, na wa kwao wamekuachia.

Basi tunafika mlimani. Wao wanapanda, mimi nabaki nikijadiliana na magoti. Kufika juu nawakuta wameningoja kwa upendo kabisa: wamekunywa maji, wamepiga picha, mmoja kavua kiatu anajipepea. Nafika ulimi nje, hata sijashusha mguu, mwenyekiti anapiga makofi: "Haya, sote tupo, twende!" Hebu nisaidieni hesabu. Milima minne, wenye nguvu wamepumzika mara nne. Mimi mnyonge nimepumzika mara sufuri. Na njiani kuna kijana ananiuliza, "Mzee, uko sawa?" Namwonyesha dole gumba, kwa sababu pumzi ya kumtukana sina.

Watu wananiambia, kutangulia si kufika. Methali hiyo naamini ilitungwa na mtu wa nyuma kama mimi. Mimi nimewaona waliotangulia. Wamefika.

Lakini msidhani nalilia zamani. Zamani tuliendesha baiskeli za chuma, swichi za gia ziko chini kwenye fremu, unaachia usukani mkono mmoja kubadilisha gia huku unaomba. Matairi yalikuwa membamba kama kamba, na tuliyajaza upepo mpaka yanagonga kama jiwe, kwa kuwa tuliambiwa jembamba na gumu ndilo lenye kasi. Nimetetemeshwa meno miaka yote hiyo. Leo vijana wanakuja na matairi mapana, upepo nusu, wanasema vipimo vimeonyesha kwamba kwenye barabara mbovu hilo ndilo linalokimbia zaidi. Nani atanirudishia jino langu la nyuma?

Tena zamani hakukuwa na maneno ya kuachwa ama kutoachwa. Ukichelewa, wameshakwenda. Unauliza njia, unarudi nyumbani peke yako.

Halafu zikaja pedali za kunasa kiatu. Mfaransa Bernard Hinault alishinda zile mbio kubwa za baiskeli, Tour de France, mwaka 1985 akiwa nazo, na kwa kuwa mimi na Hinault ni kitu kimoja, nami nikanunua. Tangu hapo nimeanguka mara tatu, zote baiskeli ikiwa imesimama. Unafika kwenye njia panda, unafunga breki, unakumbuka mguu umenaswa, unaanza kulala upande polepole kama mgomba huku abiria wa basi wakikutazama. Kwa mwendo wa sufuri klabu nzima sina mpinzani.

Ya sasa ndiyo vichekesho zaidi. Mweka hazina wetu ana gia za umeme. Siku moja alisahau kuzichaji, akarudi nyumbani na gia moja tu, nzito, anasukuma kama anasaga mahindi kwa miguu. Na msafara ukiisha, angalia saa zao za kupimia umbali. Ikisoma kilomita 99.4 hakuna anayeshuka. Watu wazima wenye wajukuu wanazunguka kiwanja cha magari kama kuku waliokosa banda, mpaka isome 100. Nilimuuliza mmoja anatafuta nini, akaniambia, "Mita mia sita."

Haya yote naweza kuyavumilia. Nisiloweza kulivumilia ni suala la pancha.

Pancha ilikuwa pumziko langu. Zamani mtu akipata pancha, msafara mzima unasimama. Tairi linabanduliwa, tyubu inatolewa, inasikilizwa sikioni kama mgonjwa, tundu linatafutwa. Linasuguliwa kwa msasa, gundi inapakwa, tunangoja ikauke. Gundi haina haraka, Mungu aibariki. Hapo mimi nimelala kwenye majani robo saa nzima, natoa ushauri: "Sugua vizuri bwana, usiharakishe." Nimekuwa mtu wa kushukuru kwa kila msumari ulio barabarani.

Sasa wana matairi yasiyo na tyubu, ndani wametia majimaji. Msumari unaingia, majimaji yanatoka kidogo, psss, tundu linajiziba lenyewe, mtu anaendelea kama hakuna lililotokea! Nimeshuhudia kwa macho yangu. Niliisikia ile psss, nikaanza kufunga breki kwa furaha. Kuinua kichwa, wapo kwenye kona ya pili.

Afadhali mwezi uliopita alikuja mwanachama mpya. Baiskeli ina kariya na kengele, kiti amekishusha mpaka magoti yanataka kumgonga kidevu. Nilimpenda papo hapo. Kwenye mlima wa kwanza niligeuka nyuma, kitu nilichokuwa sina sababu ya kukifanya, nikaona mtu! Nilifika kileleni, nikashuka. Nikanywa maji. Nikapiga picha. Nikavua kiatu ingawa hakikunibana. Yule bwana alipotokea, jasho linamtiririka mpaka kwenye kengele, nilimuwahi mwenyekiti kwa makofi: "Haya, sote tupo, twende!"

Jana alinipigia simu. "Shikamoo mzee. Hii ya Jumapili ni mwendo gani? Ile iliyopita nusura nizimie."

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Hii ni ya pole kabisa. Hakuna anayeachwa nyuma."