Jikoni kuna mgogoro wa kutosha
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai kwamba filamu ya familia inayomfuata mstaafu anayerudi jikoni haina mgogoro wa kubeba saa 2, kwa kuwa kupika ni kazi ya kila siku. Sikubaliani naye hata kidogo. Mama yangu, baada ya kustaafu ualimu hapa Dodoma, alishinda barazani miezi mingi bila hamu ya kuzungumza, hadi mjukuu wake alipomwomba amfundishe kupika mlenda wa kukausha, ule ambao majani yake huchumwa wakati wa mvua, huanikwa, hutwangwa yakawa unga na kuwekwa akiba kwa ajili ya kiangazi kirefu cha huku kwetu. Nilimwona akichota magadi kwa ncha za vidole, akasita, akarudisha kidogo kwenye kopo, kisha akamsahihisha mtoto kwa sauti ile ile ya darasani ambayo nilidhani imekwisha kupotea. Katika kusita kule kulikuwa na hofu ya mtu anayejiuliza kama mkono wake bado unakumbuka, na kamera iliyotulia ingeionyesha bila mtu yeyote kugombana. Je, kuna msomaji aliyewahi kuona filamu ya Kitanzania iliyokaa jikoni kwa utulivu wa namna hiyo?