Mreno Yumo, Kilwa Imefanywa Pambo

Waswahili tunaomba taifa letu kwenye Civilization, mchezo wa kompyuta wa kujenga dola, na hatulipati. Tuanze na Mreno, maana ndiye anayeuma zaidi. Machi 2021 Civilization VI, yaani toleo la sita, ikamleta Mfalme João wa Tatu, kavishwa, kapambwa, kapewa na merikebu yake maalumu iitwayo Nau. Nau hiyo ina ruhusa mara 2 ya kujenga Feitoria, yaani kituo cha biashara, kwenye pwani ya mtu mwingine. Sawa, tumemeza. Sasa uliza Kilwa iko wapi. Kilwa ile ambayo Francisco de Almeida aliivamia na kuipora Julai 1505, unaikuta kwenye orodha ya maajabu ya dunia, imekaa humo tangu nyongeza ya Rise and Fall ya 2018. Jengo! Unavumbua mashine, unatafuta kiwanja tambarare kinachopakana na bahari, unapiga kazi, Kilwa hiyo hapo. Na kwa kuwa ajabu ni la anayewahi, Mreno naye anaruhusiwa kuijenga. Aliyeipora anaijenga, na akimaliza anazawadiwa wajumbe 3 wa bure wa kupeleka kwenye miji-dola, ile miji midogo inayojitegemea ambayo hakuna mchezaji anayeiongoza. Hii haki ya wapi, jamani? Hata baraza la wazee lisingeamua hivi.

Ukisema "lakini Zanzibar imo", nakubali, imo. Imo kama mji-dola. Mji-dola ni yule jirani ambaye harusi ikiwa kwako anapika pilau, ikiwa ya kwake hakuna anayekuja. Haushindi, hautanuki, unakaa pale ukingoja kulelewa. Mchezaji anayetaka ulezi, yaani kuwa bwana wa mji huo, anapeleka wajumbe wasiopungua 3, awe na wengi kuliko wenzake, kisha anavuna mdalasini na karafuu, bidhaa ambazo hazipatikani kwa njia nyingine yoyote humo. Kila moja inaleta raha 6, yaani inaridhisha miji 6, wakati bidhaa ya anasa ya kawaida inaridhisha miji 4 tu. Kwa hiyo wachezaji wa dunia nzima wanaililia Zanzibar, na wanaililia kwa sababu ya viungo vya chai. Mchezo unaanza mwaka 4000 KK. Mikarafuu ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Hesabu mwenyewe: Zanzibar inauza karafuu kwa zaidi ya miaka 5,800 kabla mche wa kwanza haujatiwa ardhini. Pemba, ambako ndiko karafuu nyingi inakotoka, haikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Tena ushahidi upo kwamba mji-dola unaweza kupandishwa cheo. Lisbon ilikuwa mji-dola miaka yote hiyo. Ureno ilipoingizwa, Lisbon ikahamia kwenye taifa lake, na chumba chake kikaachwa kitupu. Unajua nani alipewa? Mogadishu! Akakabidhiwa na kazi ile ile ya mpangaji aliyetoka: misafara ya mlezi wake isiporwe ikiwa baharini. Mreno kapandishwa, Mogadishu karithi godoro. Kwa mtindo huo huo Zanzibar ingetolewa leo ikaingizwa kwenye taifa la Waswahili, na karafuu wakapewa Moroni, ambao wanazo kweli, na langilangi juu.

Wakaja na toleo la saba, Februari 2025. Humo wameachanisha kiongozi na taifa: unamchukua yeyote ukamtawaza popote, na kila zama inapoisha unabadili taifa. Mtu anaanza Aksum, anahamia Songhai, zama za kisasa anaamka Muganda, tena bila nauli. Waganda hongereni, Buganda imeingia tangu siku ya kwanza. Hatuna husuda. Tuna husuda kidogo.

Lakini kilichotumaliza ni orodha ya viongozi. Yumo Ibn Battuta, yule msafiri! Huyu bwana alifika Kilwa mwaka 1331, akakaribishwa, akaondoka akiisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Sasa yeye ni kiongozi kamili, kila zama anapewa pointi 2 za sifa za kutumia anakotaka mwenyewe, majeshi yake yanaona mbali kuliko ya wengine, na ukipenda anatawala Roma. Sultani aliyempokea, hayumo. Mgeni kapewa kiti, mwenye nyumba yuko jikoni.

Wenzetu wa Humankind, mchezo mwingine wa aina hiyo hiyo, hawakuona taabu. Mwaka 2022 walitoa nyongeza ya Afrika, wakawaweka Waswahili Zama za Kati, na Wamasai nao wamo kwenye nyongeza hiyo hiyo. Basi si kwamba haiwezekani.

Tatizo jingine, tuseme ukweli, ni sisi waombaji. Mtu anaomba "tuwekeeni Afrika Mashariki." Afrika Mashariki ndiyo nani? Mji mkuu wapi, mfalme gani? Mwingine anaomba Waswahili, ukimwuliza kiongozi awe nani, kijiwe kinawaka. Wa Mombasa anamtaka Shehe Mvita. Wa Lamu anasema bila Pate hakuna kitu. Wa Unguja anamtaka Sayyid Said, ambaye wa Kilwa anamwambia huyo ni wa Oman, aombewe na Oman. Hadi adhuhuri hakuna hata aliyetaja jengo moja, na kahawa imekunywewa kwa mkopo.

Ombi la taifa lina viungo vyake. Unatakiwa useme kipaji cha taifa, kipaji cha kiongozi, ajenda yake, yaani anampenda nani na anamnunia nani, kikosi maalumu kimoja, na jengo au uboreshaji mmoja wa ardhi. Kisha majina ya miji kwa mpangilio. Ukikosa kimoja, umeandika shairi.

Kiongozi, tusipoteze muda, ni al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, huyo huyo mwenyeji wa 1331. Watu walimwita Abu al-Mawahib, Baba wa Zawadi. Ibn Battuta anasimulia kuwa fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha njiani akitoka msikitini Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Zilizo mwilini! Sultani akaingia ndani, akabadili, akampa. Baadaye fakiri akaongezewa watumwa, mambo ya zama zile ambayo wachoraji wa mchezo watayapita kimya, na mizigo 2 ya pembe za ndovu. Ajenda hiyo imeshajiandika: anawapenda wanaotoa zawadi, anawanunia wabahili. Kipaji chake: kila dhahabu 100 anayomzawadia mwingine imrudie mjumbe 1. Yaani anagawa huku anavuna. Ukimlinganisha na Mansa Musa wa Mali, ambaye kila mgodi wake unatoa dhahabu 4 za ziada lakini ujenzi wake wa majengo na majeshi unapungua asilimia 30, huyu wetu awe na ugonjwa wa aina hiyo: hazina isilimbikike. Ikipita dhahabu 500, kila zamu anatokea fakiri.

Na ukitaka kiongozi wa pili, yupo Daudi, ndugu yake aliyemrithi. Huyu alikuwa kinyume kabisa. Omba omba akija, Daudi anamjibu kwamba aliyekuwa akitoa kafa na hakuacha cha kutoa. Huyo kila mtumishi wa umma aliyeandika dokezo la posho anamfahamu. Ajenda yake haihitaji hata maelezo.

Kipaji cha taifa kiwe pepo za msimu, na hapa ndipo wabunifu wa ng'ambo wanapokosea. Wao wanaona Waswahili ni biashara, basi wanakuongezea dhahabu 2 kwa kila njia, wamemaliza. La. Jahazi haliendi kwa kupenda. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hadi Machi, inaleta vyombo kutoka Arabuni. Kusi ikianza kushika Aprili, vinarudi. Basi mchezo ugeuze upepo kila zamu 10: kwenye kaskazi, njia zote za bahari zinazoingia kwako zilete mara mbili, kwenye kusi, zinazotoka kwako ziende mbali mara mbili. Anayechelewa kufunga mzigo alale bandarini mpaka upepo urudi, kila zamu alalayo ikupe wewe chakula au utamaduni, kwa sababu nahodha aliyekwama ndiye huyo huyo anayeoa, anayeswali nawe, anayekuachia wapwa.

Kikosi maalumu ni mtepe. Mbao zimeshonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, haina msumari, tanga la mraba la miyaa. Wabunifu watataka upigane, maana kwao kila taifa lazima liwe na kitu cha kupigana. Mwekeni badala ya Galley, merikebu ya makasia yenye nguvu 30, mumpe 25 tu, hatubishani. Ila ajitibu popote pale, hata bahari ya wageni, kwa sababu mtepe ukifumuka unashonwa. Misumari inasubiri mhunzi. Kamba ipo mnazini.

Uboreshaji wa ardhi uwe mtaa wa mawe, ujengwe pwani karibu na matumbawe. Hapa naomba kidogo tuwe makini. Tumbawe laini linakatwa likiwa bichi kutoka baharini, linachongwa lingali laini, likikauka linakuwa gumu. Chokaa inapatikana kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuu la kuni. Dari inabebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba, upana haufiki sana mita 3. Kwa hiyo mtaa wa mawe uwe unakula mikoko: kila unapojenga, kiwanja kimoja cha mikoko jirani kipungue. Usipopanga, unabaki na kuta nzuri bila paa, kama nyumba nyingi tunazozijua zilizofika kwenye lenta.

Sasa udhaifu, kwa sababu taifa lisilo na udhaifu ni ngonjera. Miji hii haikuwa na mfalme mmoja. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipokelewa vizuri Malindi, na sababu kubwa ni kwamba Malindi na Mombasa zilikuwa haziivi. Leo mtu anakuja na "Dola ya Waswahili" ambamo Mombasa na Malindi zinachangia hazina moja. Thubutu! Utiifu ushuke: kila miji miwili iliyo umbali wa chini ya viwanja 6 ipunguziane utiifu, na anapotokea mgeni na meli kubwa, mji ulioonewa umfungulie bandari. Hapo ndipo utajua unacheza Waswahili.

Msinisahaulishe sarafu. Mwaka 1944, kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, ziliokotwa sarafu 5 za shaba za Kilwa. Pesa yetu ilifika Australia, sisi wenyewe tumekwama kwenye menyu.

Wa bara nao wana haki yao. Mkwawa wa Wahehe, aliyekivunja kikosi cha Mjerumani Emil von Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, anatosha kabisa. Ujerumani ya toleo la sita ilianza na Barbarossa, watapishana miaka 700, wakubwa wataelewana. Mirambo wa Wanyamwezi na rugaruga, wapiganaji wake, kikosi kipo tayari, hakihitaji hata kubuniwa. Mekatilili wa Menza asiguswe na mtu anayetaka kumpa mkuki. Nguvu yake ilikuwa kiapo na ngoma. Mwalimu aachwe kwanza. Akiingia, nusu ya wachezaji watagombana na nusu nyingine kuhusu vijiji, na mchezo hautafika zamu ya 30.

Ukiona maombi hayajibiwi, tengeneza modi, yaani nyongeza ya mchezaji, mwenyewe. Toleo la sita linakubali. Majedwali yako ya msingi ni Civilizations, Leaders, CivilizationLeaders na CityNames, yanaandikwa kwa XML au SQL, na faili la .modinfo linapakia modi pande mbili, upande wa menyu na upande wa mchezo. Ukisahau upande wa menyu, taifa lako halionekani kwenye orodha, unaanza kushuku kompyuta ina jini. Maneno yote yanapewa ufunguo unaoanza na LOC_. Usipoandika tafsiri yake, Sultani anajitambulisha kwa jina la LOC_LEADER_HASAN_NAME, na watoto wanacheka. Sura yake usiitarajie itembee. Modi nyingi huishia picha ya mgando.

Kosa la Kiswahili hasa ni tahajia. Jedwali moja umeandika LEADER_HASAN, jingine LEADER_HASSAN, maana mjini kila mtu ana Hassan wake. Mchezo hauulizi wala haulalamiki, unakurudisha kwenye menyu kuu kimyakimya. Fungua Database.log ndani ya folda ya Logs, utaona Invalid Reference na jina lililokosewa limeandikwa wazi. Rekebisha, anza upya, bando linaisha.

Kisha StartBiasTerrains, mahali pa kuanzia. Weka TERRAIN_COAST na Tier 1. Namba ndogo ndiyo yenye nguvu. Wengi wanaandika 5 wakidhani wanaongeza chumvi. Matokeo yake Sultani wa Kilwa anazaliwa katikati ya theluji, bahari iko zamu 14, hakuna mkoko wala tumbawe, na jirani wa kwanza kubisha hodi ni Peter wa Urusi, ambaye huko ndiko kwao na anashangaa nani kaleta mnazi.